Funika Chua

Jua la Kericho ni mfanyakazi wa zamu moja. Huingia asubuhi, hupiga kazi kwelikweli, halafu mchana ukifika hutia koti begani na kwenda zake, na mvua ikachukua zamu. Nyinyi vijana mnaopanda mapaa siku hizi kufunga sola, mkisahau mengine yote nitakayowaambia, hilo msilisahau. Kabla hujafungua sanduku lako la vifaa, kaa chini siku mbili tatu utazame mawingu ya mahali unapofanyia kazi yanatoka wapi na yanafika lini.

Naitwa Ombati. Ndiyo, najua, Ombati fundi wa mabati. Mzaha huo nilianza kuusikia kabla wazazi wenu hawajaonana, kwa hivyo chekeni upesi tuendelee. Nilitoka kwetu Kisii na nyundo moja na mkasi wa kukatia bati, nikaingia Kericho miaka michache baada ya Uhuru, wakati kila mtu alikuwa akijenga kitu au akisema atajenga. Nimekunja mabati, nimelehemu, nimefunga mifereji ya mvua kwenye nyumba nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Lakini watu wazima wakinisimamisha njiani hawaniulizi mifereji. Wananiuliza habari za Nyumba ya Jua.

Ilikuwa pembeni mwa soko, palipokuwa na uwanja mtupu ambao ulikuwa hauna faida ila kwa mbuzi. Wakati huo hakuna aliyesema "sola". Ilikuwa nyumba ya kuogea ya watu wote, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na katikati ukumbi wa kuanikia nguo wenye paa la vioo. Vioo tulivipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Vilikuwa vya nyumba yake ya maua. Ukuta wa nyuma wa ukumbi tuliupaka rangi nyeusi, na mbele yake tukaweka benchi refu la mbao. Jua liliingia kwa paa, likaupasha ule ukuta moto, na ukikaa pale umeegemea, joto linakuingia mgongoni polepole mpaka unasahau ulikuwa umekuja kufanya nini. Mnajua baridi ya huku. Basi fikirieni benchi la bure lenye joto, katika mji ambao nguo ya mtoto huchukua siku nzima kukauka na bado ikanuka ukungu.

Maji ya kuoga yalitoka juu ya paa. Kulikuwa na masanduku ya mbao, kila moja na pipa lililolazwa ndani, limepakwa weusi, na kioo juu yake kimeinamia macheo. Hakuna kuni, hakuna moshi. Jua linapiga kioo, pipa linameza joto, maji yanashuka kwa bomba. Mnaona ni jambo rahisi. Kila kitu ni rahisi kikishafanywa na mtu mwingine.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee arap Birir, Mkipsigis wa Silibwet, kule karibu na Bomet. Alikuwa ameezeka viwanda vya chai kwa miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imezoea paa kiasi kwamba akitembea chini alionekana kama anayetafuta mahali pa kushika. Fikira ya Nyumba ya Jua aliipata kwa makalio. Naeleza alivyoeleza mwenyewe. Siku moja ya jua kali alikuwa juu ya paa la kiwanda, akachoka, akaona pipa jeusi lililokuwa na mabaki ya maji ya mvua, akalikalia. Aliinuka kwa kelele ambayo waliokuwa chini walidhani ameanguka. Fundi mwingine angelitukana lile pipa. Yeye alitia mkono ndani ya maji, akautoa, akautia tena, akasema moyoni kwamba mtu anaweza kuoga hapa.

Aliniita "weri", yaani kijana kwa Kikipsigis, na siku za kuniheshimu aliniita Ompati. Kinywa chake hakikutenganisha B na P, wala D na T, wala G na K. Kwake gari lilikuwa kari, duka lilikuwa tuka, na jua, siku akisema kwa haraka, lilikuwa chua. Nami nilikuwa na langu: L ilinishinda, nikasema karamu nikitaka kalamu. Alinichekea kwa hilo kila siku. "Ompati," aliniambia, "nyinyi Wakisii mnaandika na karamu na kukula karamu. Sasa wageni watakula nini?" Nami nikamwambia afadhali sisi tunaokula karamu kuliko yeye anayepika nyundo, maana kupiga nyundo kwake kulikuwa kupika. Tulicheka hivyo siku nzima na kazi ikaenda.

Msidhani tulianza vizuri. Mara ya kwanza nilitoboa pipa chini, nikafunga bomba la kutolea maji pale pale chini, kwa kuwa ndivyo tulivyofanya kwa matangi yote. Jua likapiga asubuhi nzima, tukafungua bomba, yakatoka maji ya baridi ya kukufanya ukumbuke dhambi zako. arap Birir alipanda, akagusa pipa juu, akaungua. Akashuka akanitazama. "Weri, ukichemsha maziwa, malai inakaa wapi?" Nikasema juu. "Na maji moto?" Nikapanda na mkasi wangu kuanza upya. Maji baridi yaingilie chini, maji moto yatolewe juu. Leo mmefunga mitambo inayong'aa lakini ukiipasua utakuta ni malai ile ile.

Halafu kulikuwa na rangi. Tulipaka mapipa lami kwa sababu ni nyeusi na ilipatikana. Jua lilipozidi, lami ikayeyuka, ikapenya kwenye mbao, ikamdondokea mhubiri mmoja aliyekuwa amekuja kuanika shati lake jeupe la Jumapili. Yule bwana alikuwa na subira ya kanisani, lakini siku hiyo aliiacha kanisani. Tulijaribu rangi ya kung'aa, nayo ikarudisha jua lilikotoka. Mwisho tulichanganya rangi kidogo na masizi kutoka hoteli za soko, ikawa nyeusi ya kukauka, isiyong'aa hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomeza jua vizuri. Wenye hoteli walifurahi sana, maana tuliwasafishia mabomba ya moshi bure.

Nyumba haikuwa na ubishi kuhusu upande wa kuangalia. Mlango wa nyumba ya Mkipsigis huangalia jua linakotoka, na wazee wao walimwita Mungu kwa jina la jua. arap Birir hangejenga hata banda la kuku likiangalia kwingine. Mimi nilidhani ni mila tu. Baadaye nikaona kwamba asubuhi ndiyo jua letu lote, na kama tungegeuza vioo magharibi tungekuwa tunapasha mawingu.

Lakini hapo hapo palikuwa na shida yetu kubwa. Maji yalikuwa moto mchana, wakati hakuna wa kuoga. Wenye kuhitaji hasa walikuwa wachumaji wa majani chai, wanaotoka shambani alasiri baada ya kupima majani, wamelowa mpaka kwenye mifupa, vidole vyeusi kwa utomvu. Walipofika sokoni, mvua na upepo vilikuwa vimeshapiga mapipa, na maji yamerudi baridi. Walikaa kwenye benchi letu, walikausha nguo, walisema asante, lakini kuoga walikataa. Nani angewalaumu?

Nyumba ilijengwa kwa harambee na ilikuwa chini ya kamati ya soko. Mwenyekiti alikuwa Mama Wambui, mwanamke aliyekuja kutoka Murang'a na sufuria moja, akauza uji mpaka akafungua duka la vitambaa, na uji hakuuacha. Alikuwa upande wetu. Ila ndani ya kamati kulikuwa na mfanyabiashara wa mahindi, mnene, mwenye koti zito ambalo sikuwahi kuona amelivua. Tulimwita Bwana Mahindi, na yeye hakujali. Hakuwa mtu mbaya. Alikosa tu mahali pa kukaushia magunia yake, na kila alipopita chini ya lile paa la vioo alilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Siku ya mkutano alisimama. "Mimi nauliza tu," akasema. "Hii nyumba inaogesha nani? Asubuhi watu wako kazi. Jioni maji ni barafu. Mimi nasema hivi: Jumamosi hii, wachumaji wakioga maji moto hapa, sitafungua mdomo tena. Wakikosa, Jumatatu naleta mahindi. Hii glasi itakausha mahindi poa sana, na kamati itapata kitu."

Watu wakanung'unika, lakini hakuna aliyeweza kumpinga. Mama Wambui alitutazama sisi mafundi, nasi tukatazama viatu. Ikapitishwa.

arap Birir alitoka nje, akakaa kwenye benchi, mgongo kwenye ukuta. Kando yake mwanamke alikuwa akikunja nepi zilizokauka. "Ompati," akasema, "wakiweka mahinti hapa, mimi narudi Silibwet kuchunga mbuzi. Sitaezeka tena. Nimeezekea viwanda, nimeezekea wakubwa. Hii ni moja tu nimeezekea watu." Sikuwa nimemsikia akisema hivyo hata siku moja. Niliogopa, nawaambia kweli. Sikuwa na mwalimu mwingine wala sikutaka mwingine.

Alifikiri ni upepo unaoiba joto, na hakukosea. Masanduku yetu yalikuwa ya mbao mbichi, zikakauka zikaachana, na upepo ulipita ndani kama mwenyeji. Akasema atatafuta dawa. Kesho yake nikaondoka kwenda Kipkelion kuchukua mabomba yaliyokuwa yamefika kwa gari moshi. Nilikuwa bado nangoja stesheni nilipoitwa kwamba kuna simu yangu kwenye duka la Mhindi lililo ng'ambo ya barabara. Simu enzi hizo haikuwa ya kuwekwa mfukoni. Ilikuwa ya kukimbiliwa. Nikakimbia.

"Ompati!" Ilikuwa sauti ya arap Birir, na nyuma yake kelele kama mtu anakaanga njugu. "Leta pamba!"

"Pamba?"

"Pamba! Ya kufunika mapipa! Nene! Leta nyingi!"

"Mzee, pamba kweli?"

"Ntiyo, pamba! Wewe ni kiziwi?" Na simu ikakatika.

Nikasimama pale dukani nikifikiri. Pamba. Kwa nini atake pamba? Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba mwalimu wangu hufikiri kwa njia zake, na mtu aliyepata fikira ya nyumba kwa kukalia pipa anaweza kupata nyingine popote. Kipkelion kulikuwa na fundi wa magodoro aliyeletewa pamba kutoka upande wa ziwa kwa gari moshi, kupitia Fort Ternan. Nikamwendea nikamwambia nataka pamba, nene, nyingi. Akauliza ni godoro la watu wangapi. Nikasema si la watu, ni la mapipa. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimekula. Tukaelewana mwishowe, nikapakia mabomba na magunia yake kwenye lori la maziwa, nikalala juu ya magunia safari nzima ya matope. Sijawahi kusafiri kwa raha namna ile tena.

Nilifika Ijumaa asubuhi. arap Birir alikuwa tayari juu ya paa, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Nikarusha gunia la kwanza chini. Likaanguka bila kelele, puu. Akatema misumari.

"Hiyo ni nini?"

"Pamba, Mzee."

Akashuka ngazi. Akatia mkono guniani, akavuta bonge jeupe, akalishika mbele ya uso wangu. "Mimi nilisema pamba!"

"Ndiyo, Mzee. Hii ni pamba."

"Si hii pamba! Ile pamba ingine! Pamba ya kupika nyundo!"

Hapo ndipo jua liliponichomozea kichwani. Bamba. Alitaka mabamba, bati nene la kuzungushia masanduku yazuie upepo. Mama Wambui, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wa uji, alianza kucheka. Alicheka akashika nguzo, nguzo haikutosha, akakaa chini kwenye matope na kitenge chake kizuri. "Haiya!" akasema akipangusa macho. "Ati pamba ya kupika nyundo! Mtatuua nyinyi!"

arap Birir hakucheka. Alikaa juu ya gunia. Lori lilikuwa limeondoka, mabamba yalikuwa Kipkelion, na Jumamosi ilikuwa kesho. Nikamwambia, "Mzee, pole." Akasema, "Si wewe. Ni simu." Lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye tayari anahesabu mbuzi.

Mama Wambui alipomaliza kucheka alibaki ameitazama ile pamba. "Mzee," akasema, "mimi nikipika uji asubuhi, nauza mpaka saa ngapi?"

"Sijui. Mpaka jioni."

"Na huwa baridi?"

Akatikisa kichwa. Sote tulikuwa tumekunywa uji wake. Ulikuwa ukichoma ulimi hata mchana, mvua ikinyesha, na makaa hakuwa nayo pale sokoni.

"Njooni muone nguo ya debe yangu," akasema. Akatupeleka kwenye kibanda chake. Debe la uji lilikuwa limevikwa magunia matatu na blanketi kuukuu, na kifuniko chake kilikuwa mto wa kitandani. "Hii ni kazi ya wauza uji wote. Nilidhani nyinyi mafundi mnajua."

arap Birir alitia kidole chini ya lile blanketi. Akakiacha humo muda. Halafu akageuka akanipigia kelele kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekaa juu ya gunia: "Ompati! Unangoja nini? Tuvalishe mapipa!"

Nitawaambia tulivyofanya, maana ni ufundi na unaweza kuwafaa. Tulishindilia pamba chini ya kila pipa, pande zote na nyuma, tukaacha upande wa kioo peke yake. Kisha tukatengeneza vifuniko: ubao, juu yake mto wa gunia uliojaa pamba, vikafungwa kwa bawaba upande wa juu na kamba ndefu mpaka chini. Asubuhi unafungua, jua linaingia. Wingu likija unavuta kamba, kifuniko kinalala juu ya kioo, joto linafungiwa ndani. Wanawake wa soko walishona ile mito kwa sindano za magunia. Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Wakipsigis, kila mmoja akieleza mwenzake kwamba anashona vibaya.

Mchana ukaja na wasiwasi mwingine. Pamba ikilowa haina maana, na mvua ya huku haiombi ruhusa. Tungehitaji bati la kufunika hiyo pamba, na bati hatukuwa nalo. Mama Wambui alisimama katikati ya soko na sauti yake ya kuuza. "Kila mtu mwenye debe bovu alete! Si la mwenzako, lako!" Madebe yalikuja. Madebe ya mafuta ya taa, ya samli, ya rangi, moja lililokuwa kiota cha kuku na kuku akalifuata akilalamika. Nikayapasua kwa mkasi, nikayafungua, na kila aliyekuwa na nyundo au jiwe akaja kuyanyoosha. Soko zima lilikuwa likipiga. arap Birir alizunguka katikati ya kelele hizo akiona yale mabamba yakizaliwa, na hapo ndipo alipocheka. "Sasa ntiyo pamba!" akasema. "Hii ntiyo ile ya kupika nyundo!" Tuligongomea ya mwisho kabla jioni haijaingia.

Jumamosi jua lilitoka safi. Tulifungua vifuniko vyote tukakaa kwenye benchi tukijifanya hatuna wasiwasi. Bwana Mahindi alipita mapema, akapima ukumbi kwa macho, akaenda. Ilipokaribia saa sita, arap Birir akainua pua. Upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yameanza kupanda, meusi chini na meupe juu. Hakungoja. Akaruka akapiga kelele iliyofika mpaka stendi ya mabasi: "Funika chua! Funika chua!"

Tukavuta kamba. Watu waliokuwa karibu wakavuta nasi. Vifuniko vikaanguka kimoja baada ya kingine, na kabla hatujafunga kamba ya mwisho mvua ya mawe ikashuka. Ilipiga yale madebe kwa vurumai ya kuziba masikio. Katika ukumbi kioo kimoja kilipasuka, lakini juu ya mapipa kila punje ya barafu ilianguka juu ya bati, na chini ya bati palikuwa na pamba, na vioo vikabaki vizima.

Ikanyesha alasiri yote. Wachumaji walipoanza kufika, walikuwa wakitetemeka, majani ya chai yamewaganda kwenye magunia waliyovaa. Kamati ikafika nayo. Bwana Mahindi akasimama mbele ya bomba la upande wa wanaume, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Akasema, "Fungueni."

arap Birir hakufungua mwenyewe. Aliniambia nifungue mimi. Nikazungusha. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatoa maji. Bwana Mahindi akaweka kidole. Akaweka mkono. Akaweka mkono wa pili. Sote tukamngoja, nusu ya soko ikiwa imejibanza mlangoni. Halafu, taratibu, akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

"Nani ana sabuni?" akauliza.

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika. Mama Wambui alimkumbatia arap Birir, jambo ambalo halikuwa la kawaida na wote wawili waliona haya baadaye. Wachumaji walioga mpaka mapipa yakaisha. Mmoja wao, mama wa makamo, alitoka nywele zikifuka mvuke, akakaa kwenye benchi, akatazama mikono yake iliyokuwa imetakata, akasema, "Leo nitalala kama mtu." Nilimsikia, na mpaka leo nikifikiria kazi yangu yote, malipo niliyopata siku hiyo ndiyo ninayoyakumbuka.

Basi ikawa desturi. Hatukuajiri mtu wa kuvuta kamba. Yeyote aliyekuwa karibu, mawingu yakipanda, alipaza sauti, "Funika chua!" na wote walisema chua, si jua, hata Wakikuyu, hata Mhindi wa duka la baiskeli. Wauza mboga waliacha vitunguu, wasafiri waliokuwa wakingoja basi walikimbia kuvuta kamba wasiyoijua kazi yake. Mimi niliona hiyo ndiyo iliyoitunza nyumba. Kitu cha watu wote kikiwa na kamba ambayo kila mtu amewahi kuivuta, hakuna anayekiharibu. Mkijenga vya kwenu, fikirieni mtaiweka wapi kamba. Siku hizi kila kitu kinajifungua na kujifunika chenyewe, na ni vizuri, sikatai, mjukuu wangu anasoma joto la maji kwenye simu akiwa Nairobi. Lakini namwona hajui jirani yake anaoga nini.

Nyumba ya Jua ilidumu miaka, kisha soko likapanuliwa, umeme ukaingia, ikabomolewa. Nililia siku hiyo, si kwa siri. Niliomba kipande cha lile benchi, na ndicho ninachokalia ninapowaandikia.

Kabla arap Birir hajatuacha nilimtembelea Silibwet. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini masikio mazima. Mke wake akatuletea kimyet na mursik, ugali wao na maziwa yao ya kibuyu, akanimiminia maji ya kunawa. Yalikuwa moto, na jikoni sikuona moshi. Hapo nikakumbuka swali nililolibeba miaka yote. Si kwamba nilikuwa sijui. Nilitaka tu kusikia atasemaje.

"Mzee," nikamwambia, "leo niambie ukweli. Siku ile ya simu, ulitaka pamba ama bamba?"

Akatafuna, akameza. "Pamba," akasema.

"Pamba ya godoro, ama bamba ya kupiga nyundo?"

"Ntiyo hiyo hiyo, Ompati. Pamba."

Mke wake alicheka akaziba mdomo kwa leso. Mzee akaninyooshea kidole kwenda mlangoni. "Toka nje, uangalie juu."

Nikatoka. Juu ya paa kulikuwa na sanduku limeangalia macheo, kifuniko kimefunguliwa na kamba ikining'inia, na ndani yake pipa jeusi lisilong'aa. Fundi ni fundi hata akizeeka, nikapanda ngazi, magoti yakilalamika. Nikaingiza kidole pembeni: godoro kuukuu limeshindiliwa vizuri. Na juu ya pamba, bamba, debe lililofunguliwa na kupigwa nyundo likanyooka, na alama za nyundo bado zinaonekana. Nilikaa pale nikizipapasa. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka upande wa ziwa, nami sikuyaona, lakini yeye, ndani ya nyumba, na macho yale, alikuwa ameyanusa.

"Ompati!" akaita. "Funika chua!"

Nikavuta kamba.